Redio ya Kuniamsha

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeshtuka. Mke wangu Nangila hakurudi nami kutoka Mbale, nikadhani anapumzika kwao siku mbili tatu. Kumbe harudi kabisa! Kisa? Samaki.

Juzi Jumamosi mdogo wake Dorothy alikuwa anamtambulisha mchumba kwa wazazi, nyumbani kwao Namakwekwe. Mimi shemeji mkubwa, mtu wa Jinja penye ziwa, nilipewa kazi moja tu: kuleta sangara wa wageni. Nikalala. Nilifika saa tisa alasiri, wageni wameshakula malewa matupu, yale machipukizi ya mianzi, na kuondoka. Sangara alikuwa ameanza kunuka. Sikupewa hata kiti.

Lakini kulala si kosa langu. Mimi ni muuza magodoro. Nisipolala vizuri, mteja ataniaminije?

Jioni kapiga simu baba mkwe. Ni mwanajeshi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Afande, na watoto wake vilevile. Amesema Nangila anataka iwepo redio yenye saa kando ya kitanda, ya kuniamsha. Yeye naye ana sharti lake. Kila alfajiri husikiliza salamu za madereva wa malori, kipindi cha Kiswahili cha redio moja ya hapa Jinja.

"Mimi nataka kusikia jina yako kwa redio kila asubuhi, Jumatano mpaka Ijumaa," amesema. "Jumamosi unafika hapa, chai yangu bado kuchemka. Ukishindwa, bibi yako anabaki."

Alfajiri! Siku nne mfululizo!

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Ramlah, mwenye duka la vitu vya umeme mjini. Sikujua redio za kitandani ziko nyingi hivyo. Moja ina namba nyekundu zinazomulika chumba kizima. Ukifumbua jicho unadhani nyumba inaungua. Nyingine inalia king'ora, cha polisi hasa. Ya tatu ina kidude cha kuweka chini ya mto, wakati ukifika kinatikisa kichwa mpaka uamke. Nimeuliza ni mtu gani ananunua kitu cha namna hiyo. Ramlah amesema mtu anayempenda mkewe.

Hilo limeniuma. Nimechagua ya nne. Ndogo, namba za kijani, sauti ya upole, na juu yake kitufe kipana kama sabuni nzima. Ukikigusa inanyamaza, unalala tena kidogo. Ramlah kanionya kwamba hiyo inawafaa watu ambao wameshaamka. Nimemwambia kwa sauti kwamba mambo ya kitandani mimi nayajua kuliko yeye. Duka zima limegeuka kunitazama. Nilikuwa nasema magodoro!

Nyumbani Mafubira nimemwonyesha jirani yangu Bruhan. Huyu anapika chapati, mikono yake imenenepa kwa kukanda unga, na hapendi utani wowote kuhusu mkewe. Anaamka kabla ya azana bila saa. Mkewe Nakisige anaamka kabla yake. Ndiye anayeingia wa kwanza katika bafu letu la uani, la wapangaji wote. Mimi sijawahi kuyaona hayo. Nimesimuliwa. Bruhan ameigeuza redio yangu, akacheka, akanirudishia. Wivu tu.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu wangu! Giza totoro, na mwanamume anaongea kando ya sikio langu! Nimeruka kumkaba. Nimegonga goti ukutani. Kumbe ni Isa, mtangazaji wa salamu. Nimetuma ujumbe upesi, naye kausoma: Joash wa Mafubira yuko macho, anamsalimu Afande wa Namakwekwe. Dakika ile ile Afande kapiga simu, kasema "Sawa," kakata.

Ushindi. Ila kufika saa nne nimeanguka usingizini dukani, juu ya godoro la maonyesho. Mteja kaninyanyua mguu akitafuta bei.

Jioni nimepata wazo, mpaka nimejiogopa mwenyewe. Isa anasoma ujumbe alfajiri hata kama umetumwa usiku. Sasa kwa nini niamke mimi, wakati jina langu linaweza kuamka peke yake? Nimetuma sasa hivi: "Joash wa Mafubira ameamka. Anga safi, ndege wanaimba." Redio nimeilaza chini ya mito miwili.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeamka saa tatu. Usingizi mtamu ajabu. Nimefungua mlango na kupigwa na butwaa. Mvua ya mawe! Ua mzima umejaa maji, na Bruhan anachota matope kutoka kwenye jiko lake. Kasema mvua imeanza kabla ya azana. Kasema pia alimsikia Isa akisoma habari za anga safi na ndege, huku paa la studio likipigwa mpaka sauti inapotea. Isa kauliza hewani hao ni ndege gani.

Nangila kapiga simu. Nimemweleza kwamba mvua ya Jinja inabagua, upande wetu haikufika.

"Joash," akasema, "begi langu nimeshalifunga. Liko mlangoni. Usinifanye nilifungue tena."

Nimekaa kitandani. Namkumbuka mke wangu, sitaficha. Kitanda hiki nilikichagua mwenyewe, kipana kuliko vyote, na sasa nauchukia upana wake. Nimeamua kubadilika. Usiku huu natuma ujumbe usiotaja hali ya hewa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimelala vyema, isipokuwa ndoto moja mbaya. Redio ililia, nikabonyeza kitufe, ikakataa kunyamaza, nikaikemea. Basi. Nimetoka nje saa tatu. Vijana wa boda boda pale stejini wamenipigia saluti, wote kwa pamoja. Mmoja kauliza kama Afande hajambo. Nimeganda. Wanamjulia wapi Afande?

Bruhan ndiye aliyenieleza, ameshika mbavu. Isa alikuwa na zawadi ya msikilizaji mwaminifu wa wiki. Jina lililotoka ni langu. Akanipigia simu hewani, nchi nzima inasikiliza, na mimi nikapokea. Haikuwa ndoto. Haikuwa redio!

"Ulisema hivi," Bruhan kaniambia. "'Nyamaza wewe. Salamu nimetuma jana usiku. Mimi naamka saa tatu, na Afande hajui.' Halafu ukakoroma mpaka wakaweka matangazo ya biashara."

Nimerudi nyuma, nimekaa ndani ya beseni lake la unga. Nikiwa humo simu ikalia.

"Joash," sauti ya baba mkwe ikasema. "Afande sasa anajua."

Akakata. Zawadi yenyewe, naambiwa, ni redio yenye saa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikulala. Nimekesha juu ya kigoda cha jikoni, kitu pekee nyumbani kwangu kisicho na sponji. Basi la kwanza nimesimama mpaka Mbale, na viti vilikuwepo. Nimefika Namakwekwe birika la Afande halijaanza hata kutoa mvuke. Kaangalia birika, kaangalia saa yake ya mkononi, kaitikisa.

Nimejiandaa kufukuzwa. Kumbe mzee ana hesabu zake. Amesema amri ilikuwa kusikia jina langu kila asubuhi, naye amelisikia. Jana hata Mbale nzima imelisikia. Na chai bado. Amri ni amri, kwa hiyo nimchukue mke wangu.

Machozi yamenitoka. Nangila katoka na begi. Amesema jana alicheka mpaka akalia, kisha akaendelea kulia bila kucheka. "Usinidanganye kwa redio tena," akasema. Nimeapa mbele ya birika.

Jumapili, 14 Septemba

Mke wangu yuko nyumbani. Kitanda kimepata kipimo chake. Zawadi ya Isa tumeichukua jana tukipita, na Nangila kaiweka upande wake. Kisha kaniambia kwamba kuanzia kesho tunaamka wote alfajiri, siku zote za maisha yetu. Nimeshtuka nusura nianguke. Mimi nilidhani sharti ni la wiki moja!

Kiapo nakiheshimu. Sitamdanganya kwa redio. Nitatumia simu. Nimejirekodi kwa sauti tamu: "Mpenzi, nimeshaamka. Niko hapa bafuni." Alfajiri simu itasema yenyewe, kwa nguvu, mpaka Nangila aisikie chumbani. Mimi nitakuwa nimeteremka kimya kwenye godoro dogo nililolificha chini ya kitanda.

Simu nimeshaiweka bafuni, nyuma ya sabuni ya Nakisige, mke wa Bruhan, mahali ambapo hakuna mwanamume atakayeigusa. Nimeupitia mpango huu mara tatu, sijaona kasoro. Nikitoka huko nimekutana na Bruhan, kauliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia asiwe na haraka, kesho alfajiri atajua.