Nilivyojifanya Sijui Kushika Jembe

Ndugu zangu wa Chanika, Handeni,

Leo nimejiaibisha mbele ya mwaka wa kwanza mzima. Nawaandikia mapema kabla Zaina hajawaandikia, maana alikuwepo, na mdomo wake mnaujua.

Asubuhi tulikuwa tunajiandikisha semina hapa chuoni Korogwe. Kila mwalimu mtarajiwa (ndiyo, hata mimi) lazima awe na semina moja ya kusoma mwaka mzima. Orodha ilibandikwa ukutani: Kilimo, Ufundi, Maktaba, Michezo ya Kuigiza. Mimi nilitaka Michezo ya Kuigiza. Niliitaka kwelikweli! Tangu darasa la tano naota kusimama mbele za watu wakinitazama. Kundi lile huzunguka vijiji vya ujamaa kwa lori. Kundi la Kilimo huzunguka matuta ya mihogo.

Tukiwa kwenye foleni, minong'ono ikaja kutoka mbele: watoto wa wakulima wote wanapelekwa Kilimo. Nikajiambia, dawa yake ndogo. Leo mimi si mtoto wa mkulima.

Nikafika mezani kwa Mwalimu Kibwana, msimamizi wa semina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndugu Athumani, wa Handeni. Kulima unajua?"

"Hapana, Mwalimu. Nimelelewa Tanga mjini, kwa mjomba. Ni karani." (Mjomba yupo kweli. Kwake nimelala siku mbili.)

Nyuma yangu Zaina akakohoa.

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye jembe lililoegemea ukuta. "Hebu lishike."

Nikalishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani, chuma kikitazama juu. Nikauliza kwa upole, "Hiki cha chuma ndicho kinachoingia ardhini?" Foleni ikaangua kicheko. Nilifurahi, nikajiona nimeshapona.

Mwalimu hakucheka. Akachukua kalamu. "Semina ni ya asiyejua. Anayejua kulima aende akajifunze kingine. Wewe, Kilimo."

Nikaligeuza jembe upesi.

"Mwalimu, najua!"

"Unajua nini?"

"Kulima! Mahindi, ufuta, mihogo, tangu utotoni! Mama yangu shahidi. Zaina huyu hapa shahidi!"

Zaina, badala ya kunitetea, alikuwa ameinama anashika mbavu.

"Haya, tuone," akasema Mwalimu. Tukatoka mpaka bustani ya nyuma ya jiko, foleni nzima ikitufuata. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikalima. Jamani, nililima kama mvua imeshanyesha na majani yananifukuza! Sikuinua kichwa mpaka nilipofika mwisho. Tuta lilinyooka vizuri, na mama mmoja wa jikoni akanipigia kigelegele.

"Nimeamini," akasema Mwalimu Kibwana. "Kulima unajua. Kilimo hukihitaji."

Nikashusha pumzi. "Asante, Mwalimu. Basi niandikie Michezo ya Kuigiza."

"Huko nako si unajua tayari? Umenidanganya mimi mtu mzima, tena jembe likiwa mkononi mwako!"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Kwamndolwa. Yeye akasubiri kiishe, akaandika taratibu. "Sasa wale wasiojua kulima wanahitaji mtu wa kuwaonyesha. Kiongozi wa Semina ya Kilimo: Ndugu Athumani."

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga (ningefanyaje?). Kusema kweli niliumia. Ugali wa mchana nimeula bila kumtazama mtu. Kuanzia Jumamosi nitakuwa nawaamsha wenzangu alfajiri twende shambani, halafu niwafundishe upande wa kushika jembe.

Nyinyi chekeni, nimeshazoea. Ila mama msimwambie. Atafurahi mno.

Ndugu yenu,
Athumani