Kivinjari Kipya Kinafunguka Haraka Mno

KWA: Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, Makao Makuu
KUTOKA: Karani, Chumba Namba Saba, Ofisi ya Usajili wa Vizazi
KUHUSU: MAONI YA MTUMIAJI JUU YA KIVINJARI KIPYA

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wafanyakazi tisa, kompyuta tisa na feni moja, nakutangazia kuondoka kwa ghafla kwa kivinjari chetu cha zamani, kilichotutoka Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, saa mbili na nusu asubuhi, baada ya kuugua kwa muda wa miaka sita. Kimeacha alama ya mpira wa buluu kwenye pembe ya kioo, ambayo ukiibonyeza haifanyi kitu. Mahali pake pamekaliwa na kingine chenye alama kama yai lililokatwa katikati, ambacho kiliingia bila hodi, bila salamu, na bila kumuuliza mtu yeyote.

Ukurasa wenu wa maoni umeniomba nichague nyota, kuanzia moja hadi tano. Nimezitazama hizo nyota. Haziwezi kubeba niliyonayo, kwa hiyo nimehamia kwenye hiki kisanduku cha chini kilichoandikwa "Una lolote la kuongeza?" Ninalo.

Nianze kwa kujitambulisha. Hapa ofisini naitwa Daktari. Udaktari sikuusomea, mimi na masomo ya sayansi tuliachana kwa amani nikiwa bado navaa kaptura. Jina nililipata kwa sababu kile kivinjari cha zamani kilikuwa na tabia ya kuzimia, na katika jengo zima aliyejua kukizindua ni mimi peke yangu. Dawa yenyewe ni hii: unabonyeza mpira wa buluu mara mbili, unaondoa mkono kabisa kwenye kipanya, unahesabu hadi arobaini bila kukitazama kioo (kikijua kinatazamwa kinaona haya), kisha unafunga dirisha la pili kabla halijamaliza kufunguka. Mara sita, mara saba kwa siku, mlango wangu ulikuwa ukigongwa. "Daktari, kimbia, imekata roho tena." Nami sikimbii. Nanyanyuka polepole, navaa miwani, natoka. Ndugu Mkuu, mtu wa miaka hamsini na tatu hana nafasi nyingi za kutoka namna hiyo.

Leo ni siku ya kumi na tatu ya kazi na mlango wangu haujagongwa hata na upepo. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani malalamiko yangu yanatokana na chuki binafsi. Yanatokana na chuki binafsi, lakini hoja pia zipo, nazo ni hizi:

1. KINAFUNGUKA HARAKA MNO. Kile cha zamani kilichukua dakika kumi na mbili kufungua ukurasa wa usajili. Wenzetu wa huko juu mnaweza kuuita huo ucheleweshaji. Hapa ulikuwa ni utaratibu. Baba na mama wanakuja na mtoto. Baba ana jina la baba yake, mama ana jina la baba yake yeye, na bibi aliyebaki nyumbani ana jina aliloliota. Wanakaa kwenye benchi, wanangoja. Dakika ya tatu wananuniana. Dakika ya saba mtoto analia, wanasaidiana kumbembeleza. Dakika ya kumi na moja wameshakubaliana, na ukurasa unafunguka ukiwakuta ni familia.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne ya kwanza ya kivinjari kipya. Akaingia bwana mmoja peke yake, mkewe yuko nje anambadilisha mtoto nepi. Akataja jina. Kufumba na kufumbua cheti kimetoka, kimepigwa muhuri, bado kina joto la mashine. Mke akaingia, akakisoma, akakilaza mezani kifudifudi. Kesho yake alikuja mama mzaa mke. Alikuwa ameshika mwavuli, na jua lilikuwa linawaka. "Mwanangu," akaniambia, "hebu nitajie aliyewaruhusu kufanya haraka." Nakupelekea swali lake kama lilivyo.

2. KINAKUMBUKA. Kivinjari cha zamani kilikuwa na sifa ya rafiki wa kweli: kilisahau kila kitu. Hiki kipya kinaweka. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta daftari la vizazi la mwaka jana, bosi amesimama nyuma ya bega langu. Niliandika herufi moja tu, D. Kikanimalizia chenyewe: "dawa ya kukoroma kwa wanaume wa makamo." Bosi ni mtu mwenye adabu, akatazama dari. Dada wa mapokezi, ambaye adabu yake huiacha kwao kila asubuhi, akauliza kutoka mlangoni: "Unajitafutia mwenyewe, Daktari, au kuna mtu kakutuma?" Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ni moja: "Umeamkaje? Na majirani, walipata usingizi?"

3. KINAONYESHA UKURASA WOTE. Cha zamani kilikuwa na mistari saba ya vitufe pale juu: mmoja wa kutafutia, mmoja wa hali ya hewa ya mji tusiokaa, mmoja wa kutabiri bahati, na mingine minne ambayo tuliiheshimu bila kujua kazi yake. Ukurasa wenyewe ulibakiwa na nafasi ya vidole vinne. Tulizoea kuusoma kupitia mwanya huo, kwa utulivu, kama mtu anayemchungulia mgeni dirishani kabla ya kuamua kama yupo nyumbani.

Hiki kipya kimefungua pazia lote. Na ndipo ilipobainika kwamba chini kabisa ya ukurasa wa usajili kuna mstari unaosema: "Mwananchi anaweza kujaza fomu hii mwenyewe akiwa nyumbani." Umekaa hapo miaka sita. Dada wa mapokezi akausoma kwa sauti, mbele ya foleni. Foleni ikasikiliza. Foleni ikatazamana. Foleni ikaenda nyumbani. Bosi alitoka chumbani kwake akauliza kama leo ni sikukuu.

4. KIMEVURUGA HESHIMA ZA UKOO. Tarishi wetu ni shemeji yangu; amemwoa dada yangu mdogo, na kabla hata hajamwoa mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi kuombewa kazi. Kushika kipanya nimemfundisha mimi. Alikuwa akikishika kama mtu anayemzuia panya halisi asitoroke. Huyu huyu, siku ile ile ya Jumatatu, alikaa mbele ya lile yai tangu saa tatu mpaka saa sita, na alipoinuka alikuwa anajua yote: kuhifadhi kurasa, kukuza maandishi, kufungua kurasa kumi kwa mpigo na kila moja ikakaa mahali pake. Akapita mlangoni kwangu na mafaili mkononi, akachungulia. "Shemeji, pole na msiba," akasema. "Marehemu ameacha mjane mmoja tu." Akaenda zake.

Nilijaribu kutunza jina. Siku ya tano nilitembea ukumbini nimeshika bisibisi, nikikohoa kidogo kwenye kila mlango. Kote nilikopita niliuliza kama kuna tatizo. Hakuna. Hata dogo? "Hata dogo, Daktari, yaani kinateleza tu," akasema dada wa mapokezi, na safari hii hakuwa anatania, jambo ambalo liliniuma zaidi. Nilirudi chumbani nikakaza skrubu za kiti changu. Zote zilikuwa zimekaza.

5. KITAMALIZA TAIFA. Naomba unifuate kwa makini hapa. Katika ofisi hii ndoa mbili zimezaliwa kwa kungoja ukurasa. Ya kwanza ni ya dada yangu, aliyeniletea chakula siku moja akakuta tarishi anangoja barua ichapwe. Ya pili ni ya dada wa mapokezi na bwana mmoja aliyekuja kuandikisha mtoto wa kaka yake. Kivinjari kilizimia mara tatu, na mara ya tatu sikukizindua haraka, maana nina macho. Sasa: pasipo kungoja hakuna mazungumzo. Pasipo mazungumzo hakuna kuzoeana. Pasipo kuzoeana hakuna ndoa, pasipo ndoa hakuna watoto, na pasipo watoto hii Ofisi ya Usajili wa Vizazi itasajili nini? Nimepiga hesabu kwa kalamu nyekundu. Kwa kasi ya hicho kivinjari chenu, mwananchi wa mwisho atazaliwa mimi nikiwa na miaka kama tisini na nane, na cheti chake kitatoka kwa sekunde nne, na hapatakuwa na mtu wa kukipokea.

Kutokana na hoja hizo, naomba kwa heshima na taadhima:

(a) Kivinjari cha zamani kirudishwe, pamoja na mistari yake yote saba.

(b) Kama (a) haiwezekani, hiki kipya kipunguzwe kasi. Dakika kumi na mbili sizing'ang'anii. Hata tisa zinatosha jina la mtoto wa kwanza.

(c) Kama (b) nayo haiwezekani, basi kiwe kinaharibika mara moja kwa wiki, ikiwezekana Jumanne baada ya chai. Liwe tatizo dogo, linaloweza kutibiwa na mtu wa umri wangu bila kupanda ngazi, na dawa yake nitumiwe mimi peke yangu, siku moja kabla, kwenye bahasha iliyofungwa.

Nawasalimu wote hapo kitengoni: wanaokaa kwenye viti vinavyozunguka na wanaokaa kwenye vya kawaida, mlinzi wa getini, na yule kijana wa kike anayepokea simu na kutuambia tuzime tuwashe, mwambie sauti yake huku tumeikosa, siku hizi hatuna cha kuzima. Bosi anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Ni mimi mtumiaji wenu ninayelalamika kwa moyo mweupe,

Karani, Chumba Namba Saba
(Daktari, mpaka nitakapoarifiwa vinginevyo)

Nyongeza: Ndugu Mkuu, haifai kupeleka barua serikalini ikiwa na nusu ya ukweli, na shemeji anasoma begani, kwa hiyo naeleza ilivyokuwa.

Kisanduku hiki cha maoni kipo ndani ya hicho hicho kivinjari kipya. Nilipotaka kukifungua nilishindwa. Nilikaa dakika arobaini nikibonyeza yai, nikaondoa mkono, nikahesabu, nikafungua macho, wapi. Mwishowe nilivaa miwani nikashuka hadi kwenye kile chumba kidogo chini ya ngazi anakokaa tarishi. Nikapiga hodi mimi. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi jengo moja, nikimwona tunakula pamoja kwa dada yangu kila mwezi, na chumba hicho sikuwahi kukiingia. Kina viti viwili na birika.

"Karibu, shemeji. Imekufa?" akauliza.

Nikamwambia haijafa, aliyekwama ni mimi. Alicheka, siwezi kumsingizia kwamba hakucheka, kisha akavuta kile kiti cha pili, akanifungulia kisanduku, nikaanza kuandika.

Tulipofika kwenye maneno yangu "bila kumuuliza mtu yeyote" alinisimamisha. "Shemeji, hapo unadanganya serikali. Kiliuliza." Akanionyesha ukingo wa juu wa kioo chake, palipobandikwa karatasi kwa gundi ya plastiki. Kompyuta zote tisa zinayo. Mwandiko ni wangu, wa miaka sita nyuma: IKIKUULIZA LOLOTE, BONYEZA NDIYO. Niliibandika kwa nia njema, kwa kuona kwamba mashine ikikataliwa inanuna. Jumatatu ile iliuliza kwa adabu kabisa kama tungependa yai liwe kivinjari chetu cha kila siku, na ofisi nzima ikafuata maagizo. Wa kwanza kubonyeza ni mimi. Na ile mistari saba ya juu, anasema shemeji, iliingia kwa mlango huo huo, mmoja mmoja, kila mmoja ukiomba kwa upole na sisi tukiitikia, na ndiyo iliyokuwa inakikaba koo kile cha zamani mpaka kinazimia. Kwa hiyo kwa miaka sita nimekuwa nikimtibu mgonjwa niliyekuwa nikimlisha sumu, na watu walinishukuru.

Hoja zangu, ya kwanza mpaka ya tano, naziacha mikononi mwako. Maombi (a), (b) na (c) nayaondoa.

Lakini kuna moja la mwisho. Chini ya kisanduku hiki pameandikwa: "Je, una hakika unataka kutuma?" Ukibonyeza Ndiyo, barua inakwenda. Ukibonyeza Hapana, yote yanafutika, na shemeji hana la kufanya ila kuvuta tena kile kiti, kutia majani kwenye birika, na kunielekeza upya tangu mwanzo, tukibishana kila mstari. Hii ni siku ya tatu tunaiandika barua hii. Juzi nilibonyeza Hapana kwa bahati mbaya. Jana sikuwa na kisingizio hicho.

Ikikufikia, ujue nilitoka kidogo kuchota maji ya chai, na aliyebonyeza ni shemeji.