Jengo la Upande Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mzee anastaafu. Ametutangazia asubuhi, mimi na Gundi, huku anachonga penseli, kama mtu anayesema chai imepoa. Wiki ijayo anamkabidhi mmoja wetu ofisi yake ya usanifu majengo: ufunguo, meza ya dirishani, jina mlangoni. Atakayebaki atakuwa chini ya mwenzake.

Mwamuzi ni Mwalimu, mteja wetu. Amefundisha chekechea miaka thelathini, sasa anajenga shule yake mwenyewe. Kila mmoja wetu atamchorea. Ijumaa anakuja kuangalia.

Miaka tisa katika ofisi hii nimechora vyoo. Vyoo vya maktaba, vyoo vya mahakama, vyoo vya stendi. Wenzangu wanachora jengo, mimi napewa kona yenye mabomba. Sijawahi kumpitisha mke wangu mbele ya jengo nikamwambia, hili ni langu. Nitamwambiaje, ingia upande wa wanawake ukaone? Inauma. Safari hii sikubali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimewachunguza wenzangu. Mzee huchora kwa rula, na majengo yake yote yana urefu wa rula ile ile. Gundi hajaitwa Gundi bure. Anakata kadibodi, anabandika, anajenga kijumba mezani, kisha anaingiza mkono ndani. Chumba ambacho mkono wake hauingii, hakijengwi. Eti huo ndio usanifu.

Mimi nina kompyuta. Nimeanza na picha, jengo litafuata. Jua nimeliweka saa kumi na mbili jioni, maana saa hiyo hata ghala la saruji linapendeza. Ukuta mzima wa kioo, unatazama machweo. Upande wa kulia paa lilikataa kukutana na ukuta, nikaotesha mti mbele yake. Mti mzuri sana. Jengo halikuenea kwenye picha, nikairudisha kamera ya kompyuta nyuma, nikairudisha tena, mpaka likaenea lote. Nyuma ya jengo sijachora. Kamera haifiki huko.

Nimemwonyesha mke wangu. Ni mshonaji, ana jicho kali. Kaitazama, akasema na yeye akishona gauni la mbele tu, mwenye gauni atatokaje nje? Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akasema basi nikanyoe.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kijumba cha Gundi kimekamilika. Kimenikata maini. Madirisha yanafunguka kweli, na mlangoni kasimamisha watoto wa kadibodi, kila mmoja mrefu kama ukucha wangu.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Jengo la kadibodi halina ukubwa, ukubwa linapewa na hao watu. Saa ya chakula cha mchana nimebaki peke yangu. Nimekata watoto wapya, urefu mara mbili. Nikang'oa wa zamani, nikabandika majitu yangu kwa gundi yake mwenyewe. Mara shule ikawa banda. Mtoto mmoja amegusa kizingiti cha juu kwa kichwa. Madirisha yamewafika kiunoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mchana wote nilikuwa mpole. Nilimsifu Gundi, nikamletea hata chai. Alinitazama kwa namna fulani, akainywa.

Jioni nyumbani mke wangu kanibandua kitu kwenye kiwiko. Mtoto wa kadibodi, mrefu kama ukucha. Nimetembea naye tangu saa saba.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Gundi amegundua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, mazuri, yanahusu upepo. Hakuyahitaji. Alikuwa ameinama, jicho moja usawa wa meza, anayatazama yale majitu yangu kwenye madirisha. Akakaa hivyo karibu nusu saa. Kisha akanigeukia akanishukuru.

Kunishukuru! Nadhani kashindwa kuvumilia, amechanganyikiwa. Nimemwonea huruma kidogo. Kisha nikarudi kuongeza ndege kwenye anga langu.

Ili picha isikae peke yake, nimeiambatanisha na karatasi moja ya vipimo. Ni vyoo vya watoto. Sikutaka, mkono umezoea tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwalimu amekuja. Mwanamke mfupi, miwani shingoni. Nikafunua picha. Akashika kifua. Akasema hajapata kuona shule nzuri kama hii. Nikamtupia jicho Mzee, nikatupia jicho meza ya dirishani.

Kisha akauliza hapa ni saa ngapi. Nikasema kwa fahari, kumi na mbili jioni. Akasema watoto wake wanakwenda nyumbani saa sita mchana. Nikasema jua litawasubiri. Mzee akachukua penseli, akaanza kuichonga.

Ikaja zamu ya Gundi. Nikajiandaa kufurahi. Lakini majitu yangu hayakuwepo, walikuwepo watoto wale wadogo. Madirisha ndiyo yaliyoshuka! Gundi akaeleza kwamba mwenzake, akaninyooshea kidole, alimwekea watoto wakubwa, na watoto wale wakaonekana wanachungulia nje vizuri mno. Akapima, akakuta madirisha yake ya kwanza yako juu mno, ukuta ungewafunika wadogo mpaka utosini. Akayakata upya. Mwalimu akapiga magoti pale pale, akaweka shavu juu ya meza, akachungulia kama ana miaka minne. Akanipa mkono kunipongeza. Mkono wangu nimeutoa, nikaurudisha mfukoni.

Lakini bado hajaamua. Picha yangu imemkaa moyoni. Kesho anataka twende kiwanjani asimame pale pale picha ilipopigwa, aione shule yake kwa macho yangu. Bado nina nafasi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bora nisingeandika, lakini shajara ni shajara.

Kiwanjani. Mzee, Gundi, Mwalimu na mimi na picha yangu mkononi. Mwalimu akasimama katikati, akaniuliza kama ni hapa. Nikasema arudi nyuma kidogo. Akarudi. Kidogo tena. Akagusa uzio kwa mgongo. Nikaangalia picha, nikaangalia uzio, jasho likaanza. Kompyuta haijui uzio.

Mwalimu si mtu wa kuishia njiani. Akazunguka, akabisha hodi kwa jirani, akaomba ruhusa. Jirani anafuga kuku. Tukapima kwa hatua. Mahali pa kusimama palikuwa ndani ya banda. Mwalimu akainama, akaingia. Kuku wakatoka kwa kelele. Akachungulia kwenye wavu, picha kaishika mbele ya uso, nyasi kwenye nywele. Niseme ukweli: kutoka mle ndani, vilima na kiwanja vililingana na picha barabara. Hilo hata Mzee hakulikana.

Alipotoka akauliza swali moja tu. Moto ukitokea, watoto wanatokea wapi kwa nyuma? Nikainua picha. Nikasema kuna mti.

Amemchagua Gundi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasogea pembeni, nikageukia ukuta wa jirani. Mwalimu akanifuata, ana ile karatasi yangu ya vyoo. Akaniuliza nani kachora hii. Akaweka kiganja kwenye goti lake, akasema beseni la kunawia limekaa hapa hasa, na huku uwazi chini ya mlango wa kumwona mtoto miguu, miaka thelathini hakuna msanifu aliyewahi kumfikiria mtoto namna hii. Machozi yalimlengalenga. Akasema hivi vitajengwa kama vilivyo, asiguse mtu.

Vyoo! Amenifuata mpaka pembeni kunitukana kwa vyoo. Nikamwacha na kuku.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jina la Gundi liko mlangoni. Mimi nimerudi kwenye kona yangu. Kanipa sehemu yote ya watoto kunawa, kisha akavuta kiti, akataka kujua nilipataje kimo kile cha beseni. Nikamwambia nilipiga magoti kwenye sakafu ya choo chetu, nikanyoosha mkono. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Akaandika. Akaniomba kesho nimfundishe. Nilikuwa namwitikia tu aondoke, maana wakati huo huo kichwani mwangu kulikuwa kumepambazuka.

Kosa halikuwa picha. Kosa lilikuwa mahali pa kusimama. Jengo lijalo, nasikia ni zahanati, kamera yangu itakaa angani, juu kabisa. Huko hakuna uzio, hakuna jirani, na hakuna mteja atakayedai apelekwe. Kuku nao hawaruki mpaka huko.

Nimeanza na paa. Kuta zitaingia, nafasi ikipatikana.