Mama Kibano na Kioo Kilichokuwa na Homa

Jongeeni, enyi mlioketi mbali. Mwenye neno alimeze, na mwenye simu ailaze kifudifudi, kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe, ghorofa ya pili, katika chumba kisicho na dirisha, baina ya mwanamke mmoja na kipande cha kioo kisichozidi upana wa kiganja. Falme zimeanguka kwa mambo madogo kuliko hilo, na hazikupata hata wa kuzisimulia.

Shujaa mwenyewe ni Mama Kibano, fundi wa maabara, Mwenye Vidole Visivyotetemeka, Mshinda Vumbi, aliyeshika kibano chake miaka ishirini na miwili bila kudondosha kioo hata kimoja, ila kile kimoja ambacho hakitajwi mbele yake. Hakuwa na shahada ukutani. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, kuvikausha, kuvipachika kwenye mashine ya kupimia na kuandika namba daftarini. Wasomi walikuja, wakapewa vyeo, wakaenda zao. Yeye alibaki palepale, anaosha vioo.

Wala havikuwa vioo vya madirisha. Kila kimoja kilipakwa tabaka za kemikali za kaboni, nyembamba kuliko utando wa buibui, na umeme ulipopita ndani yake kiling'aa uso mzima kwa mwanga laini, kama ving'aavyo vioo vya simu nzuri. Kemikali ya safari hii ilitoa mwanga wa kijani, na aliyeipika ni mtafiti mmoja, mama wa mapacha, ambaye jengo zima lilimwita Dada Molekuli. Aliipika miaka mitatu. Mapacha walizaliwa, wakaota meno, wakaanza kumjibu, na kemikali bado ilikuwa haijaiva.

Msiba ukawa huu: kioo namba kumi na saba, kilichobeba kemikali hiyo, kilikuwa kigeugeu. Ukikipima kwa volti sita, mkondo wa umeme unasomeka hivi. Ukikipima tena papo hapo kwa volti zilezile, mkondo umepanda. Ukikiacha kiwake robo saa, katikati kinawaka kama jua la adhuhuri huku pembeni kimefifia, kisha hata katikati napo panaanza kuchoka. Namba zilikataa kupatana. Na namba zisipopatana, wasomi nao hawapatani.

Siku ya Jumanne Profesa, mkuu wa maabara, Simba wa Vikao, mtu mpole ambaye akishasema amesema, alisimama mlangoni akatoa hukumu.

"Mama mapacha," alisema, "nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umeniuliza kulikoni. Kitu kinachobadilika bila sababu hakiandikiwi tasnifu. Keshokutwa saa tisa alasiri tunakaa kikao. Namba zikiwa hazijatulia, kemikali hiyo tunaiweka kando, unaanza nyingine."

Dada Molekuli aliitikia kwa kichwa tu. Alipoondoka Profesa, alianza kukusanya kalamu zake moja moja na kuzitia mkobani, taratibu, kama mtu anayefungasha baada ya matanga. Mama Kibano alimtazama, na moyo wake, uliokuwa umetulia miaka ishirini na miwili, ukavaa silaha.

Kesho yake, kabla hata ya kuosha kioo, aliketi akafungua daftari na kuusoma mwandiko wake mwenyewe wa miezi mitatu. Alisoma kama jemadari asomaye nyayo za adui mchangani. Kipimo cha kwanza cha kila siku kilikuwa kizuri. Cha pili kibaya. Cha tatu kibaya zaidi. Kisha, saa nane mchana, kizuri tena.

"Mwanangu," alimwambia Dada Molekuli alipoingia, "kioo hiki kinapenda watu wakienda kula."

"Mama, leo usinitanie."

"Sikutanii. Tazama hapa. Tukikipima mfululizo, kinaharibika. Tukienda kula, tukirudi tunakikuta kimepona. Kinapumzika."

"Kinapumzika nini, mama? Hakina misuli."

Hapo Mama Kibano akafanya jambo ambalo wenye shahada saba wa jengo lile hawakuwahi kulifanya. Alikiwasha kioo kwa volti sita, akangoja dakika kumi mikono ikiwa nyuma, akakizima, akakigeuza, akaweka mgongo wa kidole chake nyuma yake, vile vile mzazi anavyopima paji la uso la mtoto asiyetaka kwenda shule.

"Kina homa," alisema. "Na huyu hadanganyi."

Dada Molekuli aligusa, akaondoa mkono upesi. Akaleta kipimajoto: digrii hamsini na nne. Aliketi, na maneno yakaanza kumtoka polepole kama mtu anayefungua fundo.

"Umeme ukipita, unakipasha joto. Kikipata joto, kinaupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ukipita zaidi, joto linaongezeka. Katikati ndipo joto halina pa kutokea, ndiyo maana panawaka kuliko pembeni na panachoka mapema. Mama, kemikali yangu haina kosa. Tumekuwa tukipima homa."

"Basi tumvue blanketi," alisema Mama Kibano.

Kwa maana lilikuwepo blanketi. Chini ya kioo palikuwa na kipande cha sponji nene, na aliyekiweka ni Profesa mwenyewe, kwa huruma, ili kioo kisivunjike. Kilichotakiwa ni bamba la alumini la kulibeba lile joto na kulitawanya hewani. Bamba la kuagiza lingefika baada ya wiki sita. Kikao kilikuwa kesho. Mama Kibano akafikiri, akakumbuka kuwa chini ya ngazi kuna chumba cha chai, na katika chumba cha chai kuna sufuria kubwa, na sufuria ile ina mfuniko bapa, wa alumini, mnene.

Na mbele ya mfuniko ule alisimama Bi Chai, mpika chai wa jengo, Mlinzi wa Sukari, ambaye hajawahi kushindwa na mtu.

"Mwenzangu," alisema Mama Kibano mlangoni, "nimekuja kwa adabu. Nataka mfuniko wa sufuria yako kwa ajili ya sayansi."

Bi Chai aliendelea kufuta meza. "Sayansi ilichukua kijiko changu mwaka juzi, kikarudi kina rangi ya zambarau. Ikachukua chujio, na mpaka leo halijarudi. Mimi na sayansi tumeshamalizana."

"Hawa si wale. Huyu ni mama wa mapacha. Asipopata mfuniko, miaka yake mitatu inatupwa kesho saa tisa."

Bi Chai akaacha kufuta. Aliwahi kuwapakata mapacha wale mmoja kila goti wakati mama yao yuko kikaoni. Akautwaa mfuniko na kuufunga kwa kitambaa safi.

"Uchukue," alisema. "Ila chai itachelewa kuchemka, na watakaolalamika nitawaleta kwako."

Mama Kibano alifungua skrubu ya kishikio, akausugua mfuniko mpaka ukatakata, akapaka mafuta meupe ya kupitisha joto, yale yanayopakwa ndani ya kompyuta, na siku ya Alhamisi saa nane na nusu, kwa kibano na bila kupumua, akakilaza kioo namba kumi na saba juu ya ngao hiyo. Vidole havikutetemeka.

Saa tisa Profesa aliingia na makabrasha yake. Wakapima mara ya kwanza. Wakapima ya pili, ya tatu, ya nne, mfululizo, bila mtu kwenda kula. Kwenye skrini mistari minne ikalaliana mpaka ikaonekana mmoja. Kioo kilitulia kwenye digrii ishirini na tisa, kijani kilekile, katikati na pembeni, kama kimesamehewa.

Profesa aliitazama mistari. Akaitazama sponji, iliyotupwa juu ya kabati. Alielewa.

"Kumbe mimi ndiye niliyemfunika mgonjwa," alisema taratibu. Akamgeukia Dada Molekuli. "Nisamehe, mwanangu. Tasnifu yako iandikwe, na sura ya homa iwemo. Na wewe, mama, jina lako liandikwe humo kwa ukamilifu, si kibano tu."

Dada Molekuli alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia fundi wake mpaka kibano kikadondoka sakafuni, na hakuna aliyekiokota kwa muda mrefu.

Hivyo ndivyo mji wa nuru ulivyokombolewa, na adui Joto, Mla Mwanga, akatolewa nje kwa mlango wa nyuma pasipo damu. Watu wa jengo lile sasa huhesabu miaka yao kwa siku hiyo. Mgeni akimuuliza Bi Chai alianza kazi lini, yeye huchomeka kitambaa kiunoni, akafikiri kidogo, akamjibu kuwa ni miaka tisa kabla ya Mfuniko.