Mwanga Unaotoroka Jumapili Saa Nne na Robo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima zote, ijapokuwa heshima hiyo imepungua kidogo tangu Jumapili iliyopita.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Naishi na mke wangu, wawili tu, katika nyumba yenye geti la bluu mkabala na duka la viatu. Binti yetu ni muuguzi nchi ya mbali. Kila Jumapili saa nne kamili hutupigia simu ya video, nasi tunakuwa tumeshakaa kwenye kochi, tumechana nywele (yaani mama kachana, zangu zilishatangulia mbele ya haki). Ikifika saa nne na robo, modemu yenu huwasha taa nyekundu na mtoto hukatika katikati ya sentensi. Huu ni mwezi wa tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipowapigia, niliambiwa nizime modemu, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Nilihesabu bila kosa. Taa ikabaki nyekundu.

2. Mlimleta fundi, mtu mpole, silaumu malezi yake. Alipima kwa kidude chake mwanga unaoleta intaneti ndani ya waya wenu, akasema unafika vizuri. Kwa nini usifike? Ilikuwa Jumanne. Akanyoosha waya uliojikunja nyuma ya kochi, akanieleza kwamba waya wa faiba ukikunjwa sana mwanga huvuja. Alipoondoka nilipiga magoti nikapapasa sakafu nzima. Sikukuta mwanga uliomwagika.

3. Mara ya pili alichomoa waya kwenye modemu, akatazama ncha yake kwa hadubini ndogo, akasema ina mafuta ya vidole. Akauliza nani huishika. Mheshimiwa, katika nyumba hii hakuna anayeshika kisichomhusu! Mke wangu alichukia hadi akahamia jikoni.

4. Mara ya tatu alibadilisha modemu yenyewe. Jumapili, saa nne na robo, ile mpya nayo ikafuata nyayo za marehemu.

Kwa ushahidi huu nimeamua kwamba mwanga wenu ni mtoro. Mtoro namjua: huhudhuria siku zote isipokuwa siku ya mtihani. Naomba basi fundi ahamie kwetu kila Jumamosi; chumba cha binti kipo, shuka zimefuliwa. Akikataa, uje wewe. Mkikataa nyote, mwandikieni binti yangu barua ya kumwomba radhi, kwa sababu juzi alinitumia ujumbe ulioniuma kuliko kiboko: "Baba, kama hamtaki kuongea na mimi, niambieni tu." Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nisalimie wafanyakazi wote, pamoja na yule dada wa kwenye simu anayerudia kwamba simu yangu ni muhimu. Mwambie nimeshaamini, sasa apumzike.

Wako katika wekundu wa taa,
Mwalimu Mkuu Mstaafu, Geti la Bluu

Tanbihi: Barua hii nilimsomea mke wangu kabla ya kuifunga. Nilipofika kwenye maneno ya binti, alisema, "Mwalimu, waache watu wa watu. Huo waya huwa nauchomoa mimi." Kumbe saa nne na robo ndipo binti humaliza salamu na kuanza kumuuliza mama yake lini atakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Naye kisu anakiogopa, ila kumwambia mtoto kwamba anaogopa anaona aibu. Basi mkono hupita taratibu nyuma ya kochi, na jioni huurudisha waya mahali pake.

Jana nilimpigia binti, mama akamweleza mwenyewe. Walilia, wakacheka, wakaongea saa moja na nusu, hata mimi nikakosa nafasi ya kusalimia. Barua naituma hivyo hivyo, maana mwandiko umetoka vizuri. Ila fundi asije Jumanne: tutakuwa kwa daktari wa macho, na mama kasema nisimwachie mkono hata mlangoni.