Hatua Saba za Kuponya Hedifoni na Kichwa cha Baba Mkwe

Loyce Laurenti (Mama Yuditha),
Banda la Gemu, Nyuma ya Soko,
Korogwe.

8 Oktoba, 2003.

Mhariri,
Ukurasa wa "Fundi wa Nyumbani",
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: MADHARA YALIYOTOKANA NA HATUA ZENU SABA

Pokea salamu kutoka Korogwe, ambako vuli bado hatujaiona na watu wote ni wazima isipokuwa hedifoni. Naandika kuhusu makala yenu ya Jumapili tarehe 14 Septemba, "Hedifoni ya Gemu Ikisumbua: Hatua Saba za Kuiponya Mwenyewe". Niliikata kwa mkasi, nikaibandika ukutani, nikaifuata kama nilivyokuwa nikifuata waraka wa meneja. Matokeo yake nyumba yangu haina amani, na naona ofisi yako haiwezi kukwepa lawama.

Kwanza unifahamu. Nilikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge kwa miaka kumi na saba. Shamba lilipopata mwekezaji, mwekezaji akaona tumezidi, tukapunguzwa. Wenzangu walifungua magenge ya nyanya. Mimi nilisema kama soko ni huria basi na liwe huria kweli, kiinua mgongo changu nikakigeuza kuwa televisheni, mashine ya gemu iliyotumika huko Dubai, na mabenchi mawili. Banda ni la baba mkwe wangu, Mzee Semboja, na kabla yangu walikuwa wakilala humo mbuzi wake. Alinipa kwa sharti moja tu. "Mama Yuditha," alisema, "siku nitakayoisikia hiyo televisheni nikiwa kitandani kwangu, mbuzi wanarudi kwao."

Ndiyo maana nikanunua hedifoni. Ni moja, nyeusi, pana, ina maiki inayokuja mpaka mdomoni. Sauti ya televisheni nikaizima kabisa. Na kwa kuwa chombo kipya huonjwa na mkubwa, mume wangu Simeo alimvika baba yake ili ahakikishe mwenyewe kwamba tumetii. Hiyo ilikuwa tarehe mosi Septemba. Mpaka leo hajamaliza kuonja.

Tulichofanya ni kuzoea. Mzee hukaa kiti cha mbele, husikiliza, na huwatangazia waliopo kwenye mabenchi yale anayoyasikia. Watu wanakuja, sikatai. Lakini kila siku anatuambia chombo ni kibovu, na kila siku ubovu ni mpya. Simeo amechoka. Amesema kisipopona ifikapo Jumapili hii tarehe 12, mashine inauzwa, banda linarudi kwa mbuzi, na mimi nikatafute nyanya. Kwa hiyo, Mhariri, unaposoma malalamiko yafuatayo ujue kwamba unasoma riziki ya mtu.

1. Hatua yenu ya kwanza inasema: "Hakikisha pini ya waya imechomekwa barabara." Hatua hii tuliiruka kwa sababu ni matusi. Mimi nimeshika funguo za ghala miaka kumi na saba, halafu gazeti liniulize kama nimechomeka? Isitoshe, waya unapita nyuma ya kiti cha Mzee. Kuukagua kungenilazimu mimi, mke wa mwanawe, niiname mgongoni kwa baba mkwe na kupapasa chini ya koti lake. Sijui nyinyi huko Dar es Salaam mnaishije na wakwe zenu. Simeo naye alisema mwana hampekui baba yake kama askari wa kizuizi cha barabarani. Tukaanza na hatua ya pili.

2. Sauti kutoka upande mmoja. Mzee alituarifu kwamba anasikia kulia tu. Makala inaelekeza hedifoni igeuzwe, kushoto kuje kulia, na ubovu ukihama basi kosa ni la hedifoni. Simeo aliamkia, akaomba, Mzee akaigeuza mwenyewe. Bado alisikia kulia tu. Tukageuza kiti. Kulia. Tukahamisha televisheni ukuta wa pili. Kulia. Ni kweli kwamba Mzee alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchuna mkonge, miaka ishirini na sita, na mashine ilikuwa kushotoni kwake, lakini sioni jambo hilo linahusiana vipi na bidhaa ya Dubai.

3. Mkwaruzo. Hapa mlishauri tuondoe vifaa vya umeme vilivyo karibu. Niliondoa redio. Niliondoa pasi. Niliondoa saa ya ukutani, ambayo hata haitembei. Nilikwenda kwa jirani mwenye mashine ya kusaga nikamwomba apumzike saa moja, akaniuliza kama nimeanza kunywa. Mkwaruzo haukuondoka. Baada ya uchunguzi wa siku tisa, niliouandika daftarini, nimegundua kwamba huanza saa nne kamili asubuhi na hukoma Mzee akiletewa chai ya maziwa na maandazi mawili. Akiletewa andazi moja, hukoma nusu. Makala yenu haina habari ya maandazi hata mstari mmoja. Je, mafundi mliowauliza walifanya utafiti au walikaa tu?

4. Sauti kuchelewa. Hili limetugombanisha na wateja. Katika kioo mpira umeingia wavuni, Mzee kimya. Dakika tatu baadaye, watu wameshahamia mashindano ya magari, Mzee anaruka kitini anapiga kelele kwamba bao limefungwa. Sasa bao hilo ni la nani? Wiki iliyopita Lenku, mfugaji anayeleta ng'ombe wake mnadani kutoka upande wa Handeni, alimshinda Simeo mawili kwa bila, tena kwa haki, kioo kinaonyesha. Mzee akasema yeye kasikia matatu kwa moja, na mshindi ni Simeo. Mhariri, nani atamwambia Mzee Semboja kwamba hakusikia alichosikia? Ikaandikwa matatu kwa moja. Lenku alisimama na fimbo yake akatazama kioo, akamtazama Mzee, akasema kwao mzee akihesabu ng'ombe vibaya hawahesabiwi upya mbele yake, unangoja alale. Akakaa. Tangu siku hiyo wateja hawaangalii tena kioo kujua matokeo, wanamwangalia Mzee, na wenye haraka ya kushinda humwamkia mara mbili.

5. Lugha, pamoja na maiki. Mwanzoni Mzee alisema mtangazaji wa ndani ya mashine anazungumza Kiingereza cha puani. Makala ikasema tuingie kwenye orodha ya mashine tubadili lugha. Tuliingia, tukabonyeza, na maandishi yote yakageuka kuwa ya Kijapani au ndugu zake, na hakuna Korogwe nzima anayejua njia ya kurudi. Timu tunachagua kwa rangi ya soksi. Lakini ajabu si hiyo. Ajabu ni kwamba kesho yake Mzee alitangaza kuwa mtangazaji sasa anazungumza Kishambaa, na tena Kishambaa kizuri cha milimani. Mzee akaanza kumjibu kwenye maiki. Wakaulizana habari za nyumbani. Akatuambia mwamuzi ni mtu wa Kwaluguru na asiaminiwe, kwamba zinazocheza ni timu ya korona na vijana wa Mashewa, na kwamba mwaka ni 1974. Kwenye kioo walikuwa wakicheza watu weupe kwenye nyasi za kijani. Nilipomkumbusha Simeo kwamba hatukununua gemu ya namna hiyo, aliniambia nisiwatie watu mashaka, maana mabenchi yote yalikuwa yameinama mbele yakisikiliza.

6. Sauti kukatika. Hili ndilo lililonifanya nikamate kalamu. Katika mechi hiyo ya korona na Mashewa, ambayo sasa inachezwa kila siku, kuna mchezaji namba kumi na moja, winga wa kushoto. Mzee anamtangaza vizuri sana. Anapokea mpira pembeni, anampita beki wa kwanza, wa pili, kipa ametoka, watu kwenye mabenchi wamesimama, mmoja amekanyaga sufuria yangu, na hapo hapo, kabla namba kumi na moja hajapiga, sauti inakatika. Mzee hutikisa kichwa na kusema, "Imekata." Kila siku, mahali pale pale. Makala inasema zima, hesabu sekunde thelathini, washa. Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea.

Jumatatu alasiri umeme ulikatika kabisa, ule mgao wenu mnaoujua. Televisheni nyeusi tii, mashine kimya. Nikasema afadhali watu waende nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Mzee aliendelea kusikia. Watu kumi na wanne, wamo wenye ndevu, walikaa wakitazama kioo cheusi kwa muda wa saa nzima wakati Mzee akiwatangazia kipindi cha pili, na korona walipokosa kona kuna aliyelia kwa uchungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kifaa hiki kina hitilafu kubwa. Hedifoni inayofanya kazi bila umeme ni hatari kwa familia.

7. Hatua yenu ya mwisho: "Ikishindikana, mpelekee fundi." Haipelekeki, imo kichwani. Tulimleta fundi. Twaha, anayetengeneza redio karibu na stendi, alikuja na bisibisi zake. Aliamkia, Mzee akamuuliza ni wa nani, ikaonekana Mzee alimfahamu babu yake, wakazungumza mpaka adhuhuri. Aliponiaga alisema hawezi kusogeza bisibisi karibu na kichwa cha mtu aliyembeba babu yake siku alipovunjika mguu. Akanywa na chai.

Kwa kuwa haya yote yametokana na maelekezo yenu, naomba yafuatayo kabla ya Jumapili:

(a) Ofisi yako initumie hedifoni nyingine, yenye sikio la kushoto, isiyojua Kishambaa.

(b) Kiwanda kilichotengeneza hii ya sasa kieleze hadharani namba kumi na moja alifanya nini na ule mpira. Wateja wangu hawalali.

(c) Wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, upande basi la asubuhi uje umvue Mzee hedifoni kichwani. Wewe si mwana wala mkwe, huna cha kupoteza. Nitakutambulisha kama mgeni kutoka serikalini.

(d) Siku nyingine serikali ikifungulia bidhaa mlango, iulize kwanza kama bidhaa hiyo inavaliwa kichwani, na kama nyumbani kuna wakwe.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yule aliyeandika hatua ya kwanza, mwambie sina kinyongo ila ajirekebishe. Simeo anakusalimu. Yuditha anakusalimu na anaomba ukurasa wa watoto urudishwe. Lenku anasalimia, anasema yalikuwa mawili kwa bila. Mzee Semboja angekusalimu, lakini hakunisikia nilipomuuliza.

Ni mimi ninayesubiri jibu na basi la asubuhi,

Loyce Laurenti (Bi.)

Nyongeza, Ijumaa tarehe 10 Oktoba.

Bahasha nilishailamba, nimelazimika kuifungua tena. Jana Lenku alikuja, akakaa nyuma ya Mzee kwa kukosa nafasi. Katikati ya mechi nikamwona ameinamia kiti. Alisema, "Mimi nikiona kamba lazima nijue imefunga nini." Akaufuata waya kwa ncha ya fimbo yake, taratibu, bila kumgusa mtu. Umetoka kwenye hedifoni, umepita kwenye kola, umeshuka ubavuni, umeingia kwenye mfuko wa koti. Haukwenda kokote zaidi ya hapo. Pini ilikuwa ndani ya kopo la ugoro, na kwa hali ya ule ugoro, iko humo tangu siku ya kwanza.

 Mzee akaivua hedifoni mwenyewe, akaiweka magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano nikayaona masikio yake. Hakumtazama Simeo, alinitazama mimi. "Mama Yuditha," alisema, "tangu korona ifungwe hakuna mtu aliyeniuliza nimesikia nini. Mngeambiwa ni kizima, mngenivua, nikarudi chumbani." Nilitaka kukasirika, Mhariri, maana nimebeba redio na pasi na aibu ya mashine ya kusaga. Sikuweza. Machozi yalinitoka mbele ya wateja, mimi niliyepunguzwa kazi bila kutoa hata moja.

Kisha mmoja kutoka benchi la nyuma akauliza kile ambacho wote tulitaka kukiuliza, yaani namba kumi na moja alikuwa nani. Mzee akasema ni yeye. Akauliza tena, na ule mpira? Mzee akachukua ugoro kidogo, akasema ulipaa juu ya goli ukaangukia kwenye mkonge, na mpaka leo haujaonekana.

Kwa hiyo naomba barua hii isichapishwe. Hedifoni nyingine msitume. Basi la asubuhi usipande, ila ukitaka kuja kama mtazamaji uje na kiti chako, maana mabenchi hayatoshi. Hatua ya kwanza iacheni kama ilivyo, ni ya kweli, ila haifai kwa kila nyumba. Simeo alishika ile pini akataka kuichomeka kwenye mashine, nikamwondoa mkono. Nimeifuta ugoro kwa kitambaa kikavu, nikampa Mzee akairudisha mfukoni mwenyewe.

Jumapili saa tisa korona wanacheza tena na Mashewa. Mzee ameniahidi kwamba safari hii sauti haitakatika.