Ombi la Kutenganishwa na Bwana Mita

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Ofisi ya Nafuu ya Umeme kwa Kaya za Kipato cha Chini.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, wewe na nyumba yako, na kwamba unaisoma barua hii chini ya taa inayowaka. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi minane, mke wa kibarua wa ujenzi, mpangaji wa chumba cha tatu. Shule niliishia njiani, kwa hiyo ukikuta makosa ya kuandika nivumilie. Hesabu lakini naziweza.

Naandika kumlalamikia tajiri mmoja anayetuharibia maisha. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, familia sita, na mita moja iliyopigiliwa ukutani karibu na mlango wa choo. Bili yenu huja imeandikwa "Mteja", basi, haina jina. Sisi tumempa jina wenyewe, tunamwita Bwana Mita.

Kila familia hapa inatumia kama yuniti arobaini kwa mwezi. Tangazo lenu lililobandikwa zahanati linasema kaya inayotumia chini ya hamsini ni ya kipato cha chini na itapunguziwa bili kwa sehemu moja ya kumi. Nilipolisoma nilimkumbatia mtoto mpaka akalia. Kumbe ninyi mnasoma mita, hamhesabu milango. Arobaini mara sita ni mia mbili na arobaini, na kwenye vitabu vyenu anayetumia kiasi hicho ni mtu mmoja mwenye nacho, anauziwa kila yuniti kwa bei ya wenye nacho. Utajiri ni wake, kulipa ni kwetu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja ofisini kwenu na mtoto mgongoni, nikapanga foleni ya dirisha namba tatu tangu mlango haujafunguliwa. Dada wa dirishani akabonyeza kompyuta, akaniangalia, akainama kuziangalia kandambili zangu, akairudia kompyuta. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe ni mteja mkubwa. Umekaa foleni isiyo yako." Akanielekeza mlango wa upande wa pili, wenye zulia. Nikaenda. Kule nilipewa kiti cha kuzunguka na maji ya baridi, nikaulizwa kama nina tatizo na mashine zangu za kiwandani. Nikasema ninayo moja tu, ya mtoto. Wakanirudisha dirisha namba tatu, mwisho wa foleni.

2. Hiyo mashine ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwanangu ana kifua. Muuguzi wa zahanati ametuazima mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke, asubuhi na jioni, dakika kumi kila mara. Mimi namwashia dakika sita. Usinione mama mbaya, Mheshimiwa. Bili tunagawana sawa, na mashine ni yangu peke yangu. Majirani hawajanitamkia neno, ila ikianza tu kunguruma, fundi cherehani wa chumba cha pili naye anaanza kukohoa. Kikohozi cha kifua nakijua, nakisikia kila siku. Kile ni kikohozi cha bili. Kwa hiyo dakika ya sita nachomoa, na mtoto ananitazama kama mtu aliyepokonywa ziwa. Zile dakika nne zilizobaki nampulizia mwenyewe, ingawa najua pumzi yangu haina dawa.

3. Baada ya mimi kulalamika kwa mdomo, mlituma mkaguzi. Tulifagia, tukamtengea stuli. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na hakucheka hata mara moja. Alimtafuta Bwana Mita chumba hadi chumba. Aliuliza kiyoyozi kiko wapi, akafungua kabati la bibi wa chumba cha mwisho, akakuta blanketi. Ikabidi aandike alivyoviona: balbu sita, cherehani na pasi ya fundi, mashine ya kinyozi, feni yenye panga moja, redio ya bibi. Mume wangu, aliye mrefu, alichungulia ile karatasi kwa juu, akanisimulia mkaguzi alipoondoka. Imeandikwa kwamba mteja anaendesha kiwanda cha nguo, saluni na kituo cha burudani. Kituo cha burudani ni redio ya bibi. Mashine ya mwanangu ameiita hospitali binafsi. Asubuhi Bwana Mita aliamka tajiri, kufikia saa sita mchana akawa kampuni.

4. Mkaguzi huyo alipotoka aliulizia njia kwa mwenye duka la pembeni, akamwambia anatoka kwa mteja mkubwa. Siku hiyo hiyo mwenye duka akakataa kunipa sabuni ya mkopo, eti watu wenye pesa ndio wagumu kulipa. Habari zikafika hadi kwa mama mkwe. Akapiga simu, hakunisalimia, akauliza inakuwaje mwanawe ana kampuni na yeye paa linavuja. Nimemweleza mara mbili. Anasema hakatai kuwa nimesoma, lakini nisimfanye mtoto.

5. Tukaomba kila chumba kipewe mita yake. Fomu mlitupa, asanteni, ni ya kurasa nane. Ukurasa wa mwisho unataka sahihi ya mteja mwenyewe. Mwenye nyumba anasema yeye si mteja, yeye hakai hapa. Kinyozi akajitolea kusaini, fomu ikarudi: sahihi haikufanana na ya mteja. Nilipoomba nioneshwe ya mteja ili tuiige vizuri, nikaambiwa hiyo ni siri yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mnitimizie lolote lililo jepesi kwenu kati ya haya. Kwanza, mtutenganishe na huyu bwana. Milango sita, mita sita, kila mtu na umaskini wake, tupunguziwe ile sehemu moja ya kumi kama tangazo linavyosema.

Ikishindikana, basi tukabidhiwe mali zake. Tumemlipia miaka mitatu, na hajatualika hata kunywa maji. Hatuna tamaa. Kinyozi anataka kiti cha kuzunguka kama kile cha ofisini kwenu. Mimi nataka chumba kimoja tu katika jumba lake, kiwe na dirisha linalofunguka, kwa ajili ya kifua cha mtoto.

Na kama hata mali hana, basi mtangaze kwamba amefariki, tumzike. Tutamlilia vizuri, bibi amekubali kuongoza kilio kwa sababu ndiye aliyekaa naye muda mrefu. Fundi atashona sanda. Mkaguzi tunaomba aje, maana ndiye ndugu pekee aliyewahi kumtafuta.

Naamini mtanisikiliza, kwa kuwa ofisi yenu imepewa jina la nafuu.

Nisalimie dada wa dirisha namba tatu, hana kosa. Msalimie mkaguzi na kalamu zake. Wale wa mlango wenye zulia waambie maji yao yalikuwa matamu. Mume wangu anakusalimu, majirani wote wanakusalimu, mtoto naye angekusalimu ila sasa hivi amelala.

Ni mimi kwa heshima,
Mama wa chumba cha tatu.

N.B. Mheshimiwa, nilikuwa nalamba gamu ya bahasha ndipo mletaji wa bili akafika, na barua kutoka kwenu. Inasema Bwana Mita hajachelewesha malipo miaka mitatu, kwa hiyo ameingizwa kundi la wateja wa heshima, na atapunguziwa theluthi nzima ya bili. Hakuna fomu, hakuna foleni. Nimepiga hesabu mara nne: nafuu ya tajiri ni zaidi ya mara tatu ya nafuu ya maskini. Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, na tafadhali msitutenganishe naye, tumegundua ni mtu mwema. Sharti mliloandika chini ya barua, kwamba matumizi yasipungue, tumelielewa. Leo jioni dakika ya sita nilinyoosha mkono kuchomoa mashine, fundi cherehani akaniita kwa ukali kutoka chumbani kwake: "Shemeji, iache hiyo, usitushushe daraja." Nimeiacha dakika zote kumi. Mtoto amelala, na kifua hakilii.